Mkono wa Asante Kwenye M4

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu Mwende, nilipoinua mkono kumshukuru mtu aliyekuwa akinifukuza barabarani. Miaka mingi imepita, magoti yangu yamekwisha, na mkono huu umefanya mengi tangu hapo, lakini bado naukumbuka kwa asubuhi ile kuliko kazi zote njema ulizowahi kufanya.

Kaa. Chai iko kwenye chupa, jimiminie mwenyewe, maana kwangu siku hizi kuinuka kitini ni safari. Najua umekuja kwa ajili ya funguo zako za gari. Baba yako aliniletea jana, na gari lenyewe akaliacha hapo nje. Aliziweka juu ya meza hii, akanionyesha kwenye simu ile video aliyokurekodi rafiki yako: wewe kwenye M4, barabara kuu yetu hapa Sydney, unapita kushoto, unapita kulia, unalipigia fulu, zile taa kali, gari dogo jeupe lililo mbele yako mpaka linayumba, na ndani ya gari lako mnacheka. Alikaa hapo ulipokaa wewe mpaka chai ikampoa mkononi, kisha akasema, "Dada, mwambie wewe. Mimi mdomo unanishinda." Basi nakuambia. Kunijibu unaweza kunijibu kwa Kiingereza kama kawaida yenu, mradi usikie kwa Kiswahili.

Usinitazame hivyo. Sitakuambia haraka haraka haina baraka. Methali hiyo imeandikwa kwenye kanga mpaka imechoka, na mimi pia nimechoka. Unajua nilikofanya kazi, pale hospitali ya Westmead, katika wodi ya walioumia vichwa. Nimewalisha kwa kijiko vijana wenye ndevu. Nimewaona akina mama wakiwafundisha watoto wao wakubwa kusema "maji", kama walivyowafundisha walipokuwa wachanga. Halafu natoka kazini, naingia barabarani, na kijana mwingine mzima wa afya ananipita kwa upepo kama anawahi kitanda. Mwanangu, nimechoka uchovu ambao hauondoki kwa kulala.

Lakini nilikuwa nakusimulia asubuhi ile.

Nilikuwa na umri unaokaribia wako. Nilikuwa nimetoka Iringa kuja kusoma uuguzi, na leseni yangu ilikuwa mpya kabisa, na kibao chekundu cha P, alama ya dereva mpya, nyuma ya gari. Nyumbani sikuwahi kushika usukani. Udereva nilijifunzia mtaa wa Auburn, kwa mwalimu mmoja Mlebanoni, mzee mpole aliyekuwa akitafuna iliki tangu tunaanza somo mpaka tunamaliza. Alinifundisha mengi, na mengi niliyasahau. Ila hili nililishika kama aya ya Biblia: huku, mtu akikupigia fulu, anakuambia karibu, pita. Inua mkono umshukuru, kisha uende.

Nami nilipenda sana sheria hiyo. Katika mji ambao watu wanapanda treni bila hata kusalimiana, niliona taa zile ndizo salamu pekee tulizobakiwa nazo. Kila nilipopigiwa fulu nilifurahi kama mtu aliyeitwa kwa jina lake.

Siku hiyo ilikuwa Jumapili. Nilikuwa nampeleka Mama Godeliva Auburn, kwenye sherehe ya kumshukuru Mungu kwa mtoto aliyezaliwa. Mama Godeliva hukumkuta. Alikuwa Mrundi, mjane, aliyekaa miaka mingi katika kambi ya wakimbizi kule Kigoma kabla ya kuletwa huku, na hapa Sydney alifanya kazi ya kuwatunza wazee: kuwaogesha, kuwageuza kitandani, kuwavika soksi. Mimi sikuwa na mama huku, na yeye hakuwa na binti, basi tukaokotana. Sherehe yoyote ya Waafrika wa upande wetu, awe Mkongo au Mtanzania au nani, ugali alisonga yeye. Alikuwa na mwiko wake alioubeba tangu kambini, mrefu, mweusi kwa moshi. Alikuwa akisimulia jinsi wale wakaguzi wa uwanja wa ndege walivyougeuza, wakaunusa, wakaitana wauangalie, mwisho wakamrudishia. "Walidhani ni silaha," alikuwa akisema, "na ni silaha kweli."

Basi tulikuwa kwenye gari langu dogo jeupe, yeye kando yangu, mwiko mapajani. Mbele yetu kulikuwa na lori la zege linalojikokota. Nami nilikuwa mwoga, mwanangu. Nilikuwa nimekaa nyuma ya lori lile kwa muda mrefu nikiomba Mungu lenyewe liamue kutoka barabarani. Halikutoka. Mwishowe nikawasha indiketa ya kulia, nikatazama kwenye kioo. Nikaona gari la bluu, mbali, dogo kama kiberiti. Likanipigia fulu. Mara moja, halafu tena.

"Huyu kijana amelelewa," nikamwambia Mama Godeliva.

Nikainua mkono, nikauacha hewani kidogo ili auone vizuri, kisha nikaingia leni ya kulia. Niliingia taratibu, kwa adabu zote, kama ninavyoingia kanisani.

Gari lile halikuwa mbali. Lilikuwa linakuja kwa mwendo ambao macho yangu ya ugeni hayakujua kuupima. Nilisikia breki zikilia, nikasikia ubavu wake ukikwaruza ukuta wa katikati, kisha likatugonga kona ya nyuma. Tulisukumwa kando, leni baada ya leni, tukagota kwenye chuma cha pembeni. Mungu alikuwa amelisogeza lile lori la zege. Sina maelezo mengine. Gari likazima. Nikasikia mwiko ukianguka miguuni, na Mama Godeliva akisema kwa sauti ndogo, "Eh, mkono."

Alikuwa ameuweka mkono wa kulia mbele, kwenye dashibodi, kujikinga. Waswahili husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Siku ile aliyevunjika alikuwa mkuu mwenyewe, na hakuwa amekataa la mtu yeyote.

Kijana wa gari la bluu alikuja anakimbia. Alikuwa amevaa sare ya wauguzi. Hakuuliza kama tumeumia. Nadhani hofu ilimtoka kwa mlango wa hasira, kama inavyowatoka wanaume wengi.

"Are you blind?" alifoka. "I flashed you! I flashed you twice!"

"Yes!" nami nikafoka. "You flashed me! And I said thank you!"

"Thank you?" Alishika kichwa kwa mikono miwili, akazunguka, akasema kama anayejisemea mwenyewe, "Ngai wangu! Nampigia fulu atoe gari, yeye anasema asante."

Nilimtazama. "Wewe ni Mkenya?"

Hasira yote ikamshuka usoni, akabaki mtoto wa watu amesimama kando ya barabara. "Ndiyo," akasema. "Si kwetu fulu ni... manze, kila mtu anajua. Fulu ni nakuja, kaa huko."

"Kwetu pia nasikia ni hivyo. Lakini huku ni karibu."

Tulisimama tukitazamana kama wapumbavu wawili. Magari yanatupita, upepo unatupiga. Hapo ndipo Mama Godeliva alipofungua mlango kwa mkono wa kushoto, ule wa kulia ameubeba kifuani kama mtoto, akatutazama sote.

"Nyiye wawili munajua Kiswahili," alisema. "Wote wawili. Halafu muko munaongea na mataa, mpaka munanivunja mkono."

Mwanangu, nimehubiriwa na wachungaji wengi. Sijawahi kusikia hubiri lililonipiga kama lile.

Hospitalini kijana yule alitufuata, akiwa bado na sare. Kumbe kazi yake ilikuwa pale pale Westmead. Ndiko alikokuwa akielekea. Alisimama mlangoni, haingii wala hatoki, mpaka Mama Godeliva akamwita kwa kidevu.

"Ulikuwa unakimbilia wapi?"

"Kazini, mathe."

"Ulikuwa umechelewa?"

Angeweza kudanganya, na sisi tungemwamini, maana nani hajui mambo ya shifti? Lakini alisema kweli, na kwa hilo nilianza kumheshimu. "Hapana, mathe. Nilikuwa na time. Barabara ilikuwa tu wazi."

"Voilà, ndio hivyo," akasema Mama Godeliva, na machozi yakamtoka. Si kwa maumivu, maana walishamchoma sindano. Ni kwa sababu hata sababu ya kukimbia haikuwepo. "Barabara haikuwa wazi, mwanangu. Miye nilikuwamo. Wewe uliona gari. Gari haiendi popote peke yake, ni mtu anaenda. Ukikimbiza vitesi ile, mbio ile, kwanza ujiulize: mule mbele muko nani?"

Nikadhani mimi nimepona. Nilikuwa nimekaa kando yake, nimemshikia mkoba, uso wa huruma. Akanigeukia.

"Na wewe, binti. Uliangalia taa, hukuangalia gari. Unaingia kwa watu wa mbio na mwendo wa kwenda kisimani. Muoga naye anaua. Tofauti ni kwamba anaua huku akisema samahani."

Mkono ule uliwekwa chuma, ukafungwa, ukafunguliwa, ukafanyishwa mazoezi, lakini haukurudi. Uliweza kushika kikombe. Haukuweza tena kumgeuza mzee kitandani, kwa hiyo kazi ikaishia pale. Na haukuweza kusonga ugali. Wewe huenda unaona ni jambo dogo. Fikiria mtu ambaye vita vimemnyang'anya mume, nchi na nyumba, na katika yote akabakiwa na kitu kimoja ambacho watu wakimwona wanasema, aa, huyu ndiye. Kisha asubuhi moja wajinga wawili wanamnyang'anya na hicho, mmoja kwa haraka na mwingine kwa woga.

Kanisani watu walikuja kutupa pole, wakasema ajali haina kinga. Nami naomba, mwanangu, methali hiyo usiniletee hapa nyumbani. Nimeisikia kwenye matanga mengi mno. Kinga ipo. Iko chini ya mguu wako wa kulia, na mguu ni wako.

Sasa nikuambie kilichofuata kwangu, maana nisije nikajifanya malaika. Nilipopata gari jingine, woga uliniisha na chuki ikachukua nafasi yake. Kila aliyenijia kwa mbio nilimwona adui. Nikawa naingia leni ya kulia kwa makusudi, nakaa mwendo ule ule wa sheria, sitoki. Vibao viko kila mahali vinasema kaa kushoto kama hupiti mtu, mimi navitazama tu. Ninyi wenye haraka, nikasema moyoni, leo mtanijua. Nyuma yangu foleni, watu wanapiga honi, wengine wananipita kwa kushoto kwa hasira. Nami najiona mwadilifu.

Siku moja Mama Godeliva alikuwa kando yangu, mkono wake uliopinda mapajani. Akageuka akatazama ile foleni nyuma yetu, akanitazama mimi.

"Nani alikuweka polisi?"

"Mama, hawa ndio waliokuvunja mkono."

"Aliyenivunja miye namujua, na wewe ni nusu yake. Huyu wa nyuma simujui. Labda bibi yake anazaa. Labda ni mjinga tu. Kama ni mjinga, umuache apite, aende na ujinga yake mbali na miye. Kwa nini unamushika hapa karibu na matako yetu?"

Nilicheka mpaka ilibidi nirudi kushoto ili nisigonge mtu. Na tangu hapo sijawahi kukaa leni ya kulia kama ukumbini kwangu. Tumefundishwa kwamba mwenda pole hajikwai. Ni kweli, lakini mwenda pole asiyetazama nyuma huwakwaza wenzake, na akishawakwaza hujisifu kwamba yeye hakuanguka.

Na yule kijana? Leseni alinyang'anywa kwa muda, kama sheria inavyotaka. Nilidhani hatutamwona tena. Jumamosi ya kwanza akaja kwa treni, kisha kwa miguu kutoka stesheni, akabisha hodi kwa Mama Godeliva, akasema amekuja kusaidia. Mama akamuuliza anajua kufanya nini. Akasema anajua kufua, kusafisha, chochote. Mama akamnyooshea mwiko.

Ungeona kichekesho kile. Kijana mrefu, amevua koti, jasho linamtiririka, na mama wa watu amekaa kwenye kiti cha jikoni anamwamuru. "Kandamiza! Unaogopa bugali? Pindua! Usikimbie, nimekuambia usikimbie, bugali haina M4!" Unga ukawa na madonge kama kokoto, tukaula hivyo hivyo. Jumamosi iliyofuata akarudi. Na nyingine. Leseni akarudishiwa, bado akawa anakuja. Akaoa, akaja na mke. Baadaye kwenye sherehe zetu ikawa yeye ndiye anayesonga, na Mama Godeliva amekaa kando anaonja, anakunja uso, anasema bado, kumbe zamani ulishaiva vizuri. Alimfundisha mpaka mkono wa kijana yule ukawa mkono wake.

Mama Godeliva alikufa kitandani kwake, kwa uzee, na mimi nilikuwapo. Vitu vyake vilikuwa vichache. Mwiko ule alisema apewe kijana yule.

Mwende, hapo jikoni kwenu kuna mwiko mrefu, mweusi, umening'inizwa kwenye msumari wa peke yake. Ulipokuwa mdogo ulichapwa kofi la mkono kwa kuuchezea, ukaja kunishitakia. Umekua ukimcheka baba yako kwamba ni mwanaume pekee wa Kikamba unayemjua ambaye hamruhusu mtu mwingine kusonga ugali. Unamwita konokono kwa sababu anaendesha leni ya kushoto na kumpisha kila mtu, na anapompisha mtu huwa unamwambia, "Dad, just go!" Naye hajibu. Hujawahi kujiuliza kwa nini hajibu.

Kijana wa gari la bluu ni baba yako.

Lia tu, mwanangu, hapa hakuna mgeni. Jana alipokuwa akinionyesha video, hakuwa anakutazama wewe. Kidole chake kilikuwa kwenye lile gari dogo jeupe, akaniuliza, "Dada, unadhani mle ndani kuna nani?" Hatujui. Wewe pia hujui. Tena ulicheka, na mtu yule labda mpaka leo haingii tena barabara ile.

Baba yako alitaka nikufiche funguo. Najua wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye, na yeye amekuchelea sana, hilo nimemwambia usoni. Lakini sifichi. Ukinyimwa gari hili utapanda la rafiki, na mguu wako utakuwa ule ule.

Basi sikia, kisha uende. Mwendo una mpaka wake, na mpaka huo haukuwekwa kukuudhi; uliwekwa na watu waliochoka kuokota wenzao. Ukiwa na haraka ya kweli, pita kwa kulia, kisha rudi kushoto uwaachie wengine. Ukiwa huna haraka, kaa kushoto na usione uchungu kupitwa; anayekupita hajakuchukulia kitu. Aliye mbele yako akisita, mpe nafasi. Labda amefika mjini jana. Labda ana mgonjwa. Labda ni mimi. Na taa usiitumie kumfokea mtu, maana hujui yeye amefundishwa kuisoma vipi. Siku moja mtu mwoga ataingia mbele yako na kuinua mkono akushukuru. Nakuomba, uwe umempa kweli kile anachokushukuria. Mimi nilimshukuru baba yako kabla hajanipa kitu, naye amekuwa akinilipa kwa kila gari analoliachia njia tangu siku ile.

Funguo hizi hapa. Lete hicho kiganja. Mungu atangulie mbele ya magurudumu yako na abaki nyuma yako pia. Awaepushe na wewe wale usiowajua, na akuepushe wewe nao. Akupe miaka mingi, uzeeke, magoti yakuume kama yangu, umsimulie mtoto wa mwenzio akiwa amekaa hapo na anakusikia. Amina.

Haya, nenda, na uende kwa mwendo wa watu. Baba yako yuko jikoni kwenu anasonga ugali, na namjua, hataupakua mpaka asikie gari lako mlangoni.